Mlinzi wa Msitu na Majani ya Miaka Miwili

Sikumpenda mlinzi wa msitu, na sitaanza kumpenda sasa kwa sababu amekufa. Huku kwetu Iramba mtu akishazikwa watu humwongezea wema ambao hakuwa nao. Mimi nitasema niliyoyaona. Mengi alitutendea sisi, na moja nilimtendea mimi.

Kwao ni wapi sikuwahi kumwuliza. Alitufikia mwaka ule serikali ilipopanga mawe yaliyopakwa chokaa kuuzunguka msitu, tukaambiwa kwamba kuanzia kwenye jiwe kwenda juu si kwetu tena. Jioni tulilala tukiwa na mlima, asubuhi tukaamka tukiwa na mlinzi. Alivaa shati la kaki, kaptula ya kaki, na filimbi shingoni kwenye kamba nyeusi. Alikuwa mrefu na mkavu, na alitembea ameinamia mbele kama mtu anayepambana na upepo, hata siku isiyo na upepo.

Siku za namna hiyo kwetu ni chache. Mvua zikikoma, upepo wa mashariki huanza kushuka mlimani na haupumziki. Ukifika mwezi wa tisa na wa kumi umeshakausha kila kitu. Midomo ya watoto inapasuka. Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa asubuhi, jioni inalia kama ngoma. Majani ukiyashika yanavunjika kama ganda la yai. Jua linatoka tayari lina hasira, na visulisuli vinapita mashambani vikizoa vumbi na makapi na chochote kilichoachwa nje. Wakati huo kaa moja likianguka njiani linaweza kumaliza upande mzima wa mlima. Hayo tuliyajua kabla yake. Hatukuhitaji mtu mwenye filimbi aje kutufundisha.

Lakini yeye alifundisha. Alifundisha kwa pua.

Kuanzia mwezi wa nane alikaa kwenye njia inayoshuka kutoka msituni, na kila aliyepita aliambiwa anyooshe mikono. Mlinzi aliishika, akaigeuza, akainusa. Alinusa na nywele. Akisikia moshi alikuuliza umetoka wapi, na jibu lisipompendeza ulikwenda naye mpaka kwa jumbe. Wanaume wenye wajukuu walinuswa kama mbuzi sokoni. Wanawake tulimpa jina la Pua ya Serikali, na tulilisema kwa sauti ya kumfikia. Hakugeuka.

Siku moja mama mkwe wangu alimwona amekaa pale njiani naye alikuwa ametoka zizini kuzoa samadi. Hakunawa. Alikwenda kwa makusudi, akamwekea viganja vyote viwili karibu na uso.

"Nusa, mwanangu," alimwambia. "Usiogope, ni mali ya serikali."

Sisi tuliokuwa nyuma tukacheka mpaka tukaweka chini madebe yetu. Mlinzi alinusa. Alinusa sana, hakuharakisha. Kisha akasema, "Una ndama anaharisha. Mtenge na wenzake kabla ya kesho."

Mama mkwe aliondoka akiwa amekasirika kuliko alivyokuja, kwa sababu ndama alikuwepo, na alikuwa anaharisha, na tulikuwa hatujamwona.

Kitu kingine ambacho watu hawakumsamehe ni salamu. Alitaka kuamkiwa na kila mtu, kwa sababu ya shati. Mtu mwenye umri wa baba yake alipaswa kusimama na kumwambia shikamoo bwana. Yeye alijibu akiwa ameketi. Baba mdogo wa mume wangu, mzee aliyefuga nyuki tangu kabla ya Mjerumani kuondoka, alisimama siku moja na punda wake, akaondoa kofia, akasema, "Shikamoo, bwana." Akajibiwa. Halafu akamgeukia punda, akamwinamia vilevile, akasema, "Shikamoo nawe, bwana." Akapita. Mlinzi hakumfanya kitu siku ile. Alimfanya baadaye.

Nisiseme uongo, watoto hakuwadai salamu. Wao aliwasalimu yeye kwanza, na akaingoja kila mmoja ajibu.

Alikula vibaya kuliko mtu yeyote niliyemjua. Upepo ulipoanza kuvuma, hakuwasha moto nyumbani kwake baada ya jua kupanda. Alipika uji kabla hakujapambazuka, akauzima moto kwa maji, akakoroga majivu kwa mkono wake mpaka ahakikishe yamepoa. Kutwa nzima alitafuna michembe mikavu ya viazi kutoka mfukoni. Hakuvuta tumbaku. Alinusa ugoro, na wanaume walisema hiyo ndiyo kazi ya pua ile akiwa likizo. Uwanja wake aliulima pande zote, akaufagia ukawa mwekundu na mtupu kama mahali pa kupuria mtama, hatua thelathini kila upande. Hakukuwa hata na jani moja la kumpa kuku kivuli. Tulimcheka. Tulisema mtu asiye na mke hufagia mpaka mahali pasipokuwa na uchafu.

Mimi alinikuta njiani mwezi wa kumi wa mwaka wake wa kwanza. Moto wangu ulikuwa umezimika, na mwanangu Msengi alikuwa mgonjwa, hajala tangu jana yake. Nilikwenda kwa jirani kuomba moto, kama tulivyofanya siku zote. Alinipa makaa matatu kwenye kigae, nikayafunika kwa majivu, nikashika njia nikiukinga upepo kwa mwili. Mlinzi alitokea, akakichukua kile kigae mikononi mwangu bila neno, akakimwaga chini, akafukia kwa mchanga na kukanyaga.

Nikamwambia ni moto wa kumpikia mtoto uji, mtoto anaumwa.

"Upepo haumjui mtoto wako," alisema.

Nilimtukana. Nilitumia maneno ya Kinyiramba ambayo mwanamke aliyesoma misheni mpaka darasa la tatu haruhusiwi kuyajua. Yeye alisubiri nikachoka, halafu akanifuata nyuma mpaka nyumbani. Aliinama, akaingia ndani, akapiga magoti penye mafiga, akatoa kiberiti cha serikali na kuniwashia. Alikaa akiangalia mpaka kuni ziliposhika. Kisha akatoka. Hakuaga, na mimi sikusema asante. Msengi alikunywa uji. Nimeyafikiria sana mambo yale mawili, la njiani na la penye mafiga, na bado sijui nimwekee lipi. Naona yalikuwa ya mtu mmoja, na ndivyo yanavyonikera.

Sasa nieleze habari ya majani, kwa maana kila kitu kilitokea kwa sababu yake.

Desturi yetu ilikuwa hii. Mvua zikishakoma, majani yakiwa nusu mabichi nusu makavu, wafuga nyuki walipanda mlimani jioni umande ukikaribia, wakachoma vipande vipande kuizunguka miti yenye mizinga, na juu ya nyumba pia. Moto wa wakati ule ni mvivu. Unatambaa, unakula kilichokauka, ukifika kwenye ubichi unakufa wenyewe. Mtu anauruka bila kukunja nguo. Ukishapita, basi hata moto mkubwa ukija mwezi wa kumi hauna cha kula. Wazee waliita hiyo kuupa mlima chakula kidogo ili usije ukaomba kikubwa.

Bwana Misitu alikuwa Mzungu aliyepita kwetu mara moja kwa mwaka. Alisema moto ni moto. Asionekane mtu yeyote anachoma kitu karibu na mawe meupe, mapema wala kuchelewa. Mlinzi akaleta amri hiyo kwenye baraza la jumbe, akaisema mara mbili.

Baba mdogo wa mume wangu alisimama akamweleza. Alieleza vizuri, bila dharau safari hii, kama mtu anayemfundisha mkwe njia ya nyumbani. Alionyesha kwa mkono mahali moto unapoanzia na mahali unapofia. Alisema mkituzuia mwaka huu majani yatalala, mkituzuia na mwaka ujao mengine yatalala juu yake, na hapo hakuna atakayeuzima.

Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, mimi nimekusikia. Amri haikukusikia."

"Basi iazime masikio yako," mzee alimjibu, na baraza zima likacheka.

Wiki ile ile mzee alipanda mlimani na wenzake wawili, wakachoma kama kawaida. Mlinzi aliwakuta bado wameshika matawi. Walipelekwa bomani Kiomboi, wakafungwa miezi mitatu, wakaponda mawe ya barabara. Mzee alirudi na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Tangu siku hiyo hakuna aliyechoma. Na hakuna aliyemkaribisha mlinzi hata kwenye kivuli cha ukuta wake.

Mwaka ukapita. Majani yakalala. Mvua zilizofuata zilikuwa nzuri mwanzoni, majani mapya yakapanda juu ya yale ya zamani mpaka kiunoni, halafu mvua zikakatika kabla ya mtama kukomaa. Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya vijana wetu kurudi kutoka Bama, kwenye vita vya Mwingereza na Mjapani. Sijaona jua kama la mwaka ule. Nyuki walikuja kunywa jasho kwenye shingo zetu. Kisima cha chini kilibaki tope, na ng'ombe walisimama pembeni yake hawaondoki.

Mlinzi aliona. Siwezi kusema hakuona. Alizunguka nyumba hadi nyumba akituomba, na neno kuomba ndilo lenyewe, tutoke wote tukafyeke njia pana kando ya korongo lililo kati ya msitu na nyumba zetu, ili moto ukija usimame pale. Wanaume walimjibu wakiwa wamekaa, kama alivyowazoesha.

"Si ulituzuia kuchoma?" shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alimwuliza. "Fyeka wewe. Una shati."

Akaenda kufyeka yeye. Peke yake, na panga na jembe, siku kumi na moja. Nilikuwa nikimsikia nikienda kutafuta kuni. Alianza wakati wa umande, akaacha jua lilipozidi, akarudi tena jioni. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa. Sikumpelekea maji. Hakuna aliyempelekea.

Mume wangu alitaka kwenda kumsaidia. Nilimkataza. Nilimwambia, baba yako mdogo akikuona na panga pale utamwambia nini. Mume wangu alikuwa mtu wa kuchelewa kujibu. Ukimwambia jambo alikutazama kwanza usoni, kama anasoma humo afanye nini. Alinitazama, akakaa. Alikuwa na mizinga thelathini msituni, aliyoichonga mwenyewe, na mwezi ule miyombo ilikuwa imetoa maua na nyuki walikuwa kazini. Jioni alipenda kukaa nje kimya akitazama juu, na ukimwuliza anawaza nini anasema anahesabu. Mpaka leo, miaka hii yote, jioni nikitoka nje na kuangalia mlima najikuta na mimi nahesabu, wala hakuna cha kuhesabu.

Moto ulitoka bondeni, upande wa Wembere. Nani aliuwasha sijui, na waliosema wanajua walisema majina tofauti. Ulikuwa mchana, upepo uko juu kabisa. Kwanza tuliona ndege, wengi, wote wakielekea upande mmoja. Kisha jua likawa jekundu. Kisha tukausikia. Watu wasiowahi kuusikia moto wa majani ya miaka miwili hawatanisadiki, lakini unanguruma kama lori linalopanda.

Mlinzi akapiga filimbi. Alipiga bila kuacha. Alikuwa kwenye ile njia aliyoifyeka kando ya korongo, mahali panapoanza kupanda kwenda msituni, na maana ya filimbi ilikuwa watu waje pale na matawi mabichi, wasimame pale pale. Sisi ndio tuliokuwa karibu, mimi na mume wangu. Tulifika wa kwanza. Mimi nilikuwa na kibuyu cha maji, yeye panga na ngozi ya mbuzi iliyoloweshwa.

Mume wangu hakusimama kwenye njia. Aliivuka, akaanza kupanda. Mlinzi alimkimbilia, akasimama mbele yake na mikono ameitanua.

"Rudi," alimwambia. "Moto unaupanda mlima upesi kuliko wewe. Mizinga imeshakwenda hiyo. Rudi hapa tuokoe nyumba."

Mume wangu alisimama. Akageuka, akanitazama usoni.

Nikasema, "Mizinga thelathini utaiacha iungue kwa sababu ya filimbi ya mtu huyu?"

Sikupiga kelele. Nilisema taratibu, kama ninavyosema mambo yangu yote. Mume wangu akampita mlinzi kwa pembeni. Mlinzi alimshika mkono, mume wangu akajinasua, akapanda. Wakati huo wenzetu ndio walikuwa wanatokea chini ya korongo. Walichokiona ni mgongo wa mume wangu ukipotelea kwenye moshi, na mlinzi amesimama nyuma yake na filimbi mdomoni.

Moto ulisimama kwenye njia ile. Tuliupiga kwa matawi mpaka jioni, na mara mbili uliruka na mara mbili tuliuzima, lakini ulisimama. Hakuna nyumba iliyoungua. Mlinzi alikuwa mbele yetu muda wote, nyusi zimeungua, sauti imekwisha, anaelekeza kwa mikono tu. Kesho yake wanaume walipanda wakamkuta mume wangu chini ya mninga. Mizinga yake yote ilikuwa majivu. Walimfunika kabla hawajaniita, na waliponiita walinishika mabega nisifunue. Sikufunua.

Baraza lilikaa wiki iliyofuata. Mtemi alikuwepo, na Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya kutoka Kiomboi, na mkalimani wake. Swali lilikuwa moja: nani alimtuma marehemu apande. Watu waliulizwa mmoja mmoja, na kila mmoja alisema alichokiona. Filimbi ililia, marehemu akapanda, mlinzi alikuwa nyuma yake. Wengine waliongeza kwamba mlinzi alitaka kuokoa miti ya serikali kwa mwili wa mtu. Mzee mwenye kikohozi alisema hivyo, na sikumlaumu.

Mlinzi alipewa nafasi. Alisema, "Nilimkataza." Watu wakaguna. Akasema tena, "Nilimkataza, na mke wake alikuwepo." Hakusema nilichokisema mimi. Angeweza kukisema. Sijui kwa nini hakusema, na sitabuni sababu ili kumpamba.

Wakanigeukia. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kando yangu, mkono wangu ameushika kwa mikono yake yote miwili. Mtoto wake mkubwa alikuwa na siku nane ardhini. Mkalimani akaniuliza ilikuwaje.

Nikasema, "Mlinzi alipiga filimbi, na mume wangu akapanda."

Hakuna neno hapo lisilo la kweli. Nimelirudia mara nyingi kuliko sala, kila neno ni la kweli. Mkalimani akauliza kama nilimsikia mlinzi akimkataza. Nikajifunika kaniki usoni. Watu wakadhani ni kilio. Kilio kilikuwepo, lakini si ndicho kilichonifanya nijifunike. Bwana Shauri akasema mama huyu aachwe.

Mlinzi alivuliwa shati pale pale, mbele ya baraza. Alibaki na fulana yenye matundu. Vijana walikwenda nyumbani kwake wakatupa nje sufuria na kitanda, na alipoondoka kesho yake na mzigo kichwani, wanawake walitoka kumzomea mpaka kwenye jiwe la mwisho. Mimi sikuzomea. Sikuwazuia pia.

Mama mkwe wangu alinichukua kuwa mtoto wake. Tulilala chumba kimoja. Shamba lililokuwa la mume wangu hakuruhusu shemeji aliguse, alisema ni la Msengi na mama yake. Na kila siku, kabla hajaonja chakula, alimlaani mlinzi wa msitu. Hakukosa hata siku moja. Alimwombea njaa, alimwombea upofu, aliomba afe mahali pasipo na mtu wa kumfumba macho. Mimi nilikaa upande wa pili wa sufuria nikasubiri amalize, ndipo tule. Miaka kumi nilikula chakula kile.

Nilimwona mlinzi mara moja tu baada ya hapo. Mwingereza alikuwa bado yupo. Msengi alikuwa amepata kazi kwenye mkonge, nasi, mimi na shemeji, tulimsindikiza mpaka Manyoni apande treni. Tukirudi, lori letu lilisimama Mkiwa likasubiri mzigo wa Mhindi mmoja mwenye duka mjini Singida. Joto lilikuwa kali. Shemeji alikwenda kutafuta maji, nami nikamfuata, na penye banda la kwanza alikuwepo mzee amekaa chini akisokota kamba za katani. Nilimjua kwa mabega yale yaliyoinama mbele. Shemeji alimjua pia. Alisimama kama aliyegonga ukuta.

Nikamwamkia.

"Marahaba, Mama Msengi."

"Kumbe unanikumbuka."

"Nimezomewa mara moja tu maishani. Nawakumbuka wote."

Shemeji akamwambia, "Wewe uliyemwua kaka yangu unakaa kivulini unasokota kamba."

Mlinzi hakuinua macho. Vidole viliendelea. "Mwulize huyo," alisema.

Hakunionyesha kwa kidole wala kwa kidevu. Shemeji akanigeukia. Niliona kwamba naweza kujifunika tena. Kaniki nilikuwa nayo. Shemeji angempiga mzee yule au angemtemea mate, tungepanda lori, na tukifika nyumbani mama mkwe angelaani kama kawaida kisha tungekula.

Nikasema, "Alimkataza. Alisimama mbele yake akamkataza, akamshika na mkono. Mimi ndiye niliyemwambia apande. Nilimwambia asiiache mizinga kwa sababu ya filimbi. Kwenye baraza nilinyamaza."

Mlinzi alifika mwisho wa kipande chake cha kamba, akakifunga fundo.

"Na wewe," nikamwambia, kwa sababu nilikuwa bado nina hasira naye, na ninayo hata leo, "sema la kwako. Habari ya majani."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Wazee walikuwa sawa," alisema. "Kwetu tulichoma vilevile, wakati uleule. Nilijua."

"Ulijua ukamfunga baba?" Shemeji alimwita yule mzee baba, kama sisi sote. "Amekufa akikohoa. Ulijua?"

"Nilijua nikamfunga. Nililipenda lile shati."

Hakuomba radhi. Mimi pia sikumwomba. Nilikuwa nimedhani kwamba ukweli ukisemwa kati ya watu wawili kitu fulani hulegea, lakini hakuna kilicholegea. Tulikuwa watu watatu kwenye jua tunaochukiana, ila sasa kila mmoja alikuwa na sababu yake sahihi. Akavuta katani nyingine, akaanza upya.

"Umeniambia mimi," alisema, akiwa anaangalia kazi yake. "Mimi nilikuwepo. Nendeni, lori linapiga honi."

Lori lilituacha chini ya mlima siku ya pili, tukapanda kwa miguu, shemeji mbele, mimi nyuma. Tulipofika mahali unapoanza kuyaona mapaa ya kwetu, alisimama bila kugeuka.

"Mama asiambiwe," alisema. "Amezeeka. Atakufukuza, na mimi sitakutetea."

Nikamwambia sikumwomba anitetee.

Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mtama. Alituona kwa mbali, akaweka ungo chini, akauliza kama Msengi amepanda treni salama na kama amepata mahali pa kukaa. Nilimwamkia, nikamjibu kwamba amepanda salama, amekaa dirishani. Akasema tuingie ndani, chakula kipo tayari, kinapoa.

Nikamwambia chakula kisubiri. Nikamwomba aketi kwanza.